Mwongozo kamili: kuruka VFR toka Luano mpaka Kolwezi, na namna ya kupanga namba zake ku plato yetu ya Katanga (udongo wa juu)

Karatasi za maandalizi ya VFR (kuruka kwa macho) zinarudi kila mara na alama nyekundu fasi mbili zile zile: altitidi (urefu wa kuruka) na vizibilite (umbali wenye macho inaweza kuona). Muntu amechora mistari yake safi, mafuta amehesabu vizuri, lakini ku altitidi amechukua namba za kitabu vile ziko, sawa Lubumbashi iko pembeni ya bahari, na ku vizibilite ameandika "mbingu safi" kwa sababu hajaona wingu hata moja, kumbe moshi ya moto ya pori imefunika kila kitu toka kilomita ya nne. Mwalimu anarudisha, mwanafunzi anasahihisha namba moja, anaacha ingine, karatasi inarudi tena.

Basi naandika yote hapa, hatua kwa hatua, kwa safari moja ya kweli: Luano (kiwanja cha ndege cha Lubumbashi, kodi FZQA), Likasi, Kolwezi, ndege ndogo ya moteri moja, mchana, kuruka kwa macho. Ukishaelewa hii moja utaweza kubadilisha namba kwa safari ingine yoyote ya Katanga.

Namba za sheria ni za OACI (shirika la dunia la usafiri wa anga), Kiambatisho cha 2 cha Mkataba wa Chicago, kile cha Sheria za Anga. Kwetu AAC (mamlaka ya anga ya Kongo) njo inatoa masharti ya nchi, na nchi inaweza kukaza kuliko OACI, kwa hiyo fungua AIP (kitabu cha nchi cha habari za anga) mbele ya kuruka na uulize mwalimu wako. Huu mwongozo haupiti mwalimu mwenye anakaa pembeni yako mu ndege.

## Vitu vya kutayarisha kwanza

- Karte ya anga ya OACI ya 1:1,000,000, na kama unapata ya 1:500,000 chukua nayo. Tablet ni ya maana sana lakini karte ya karatasi haiishi batri.
- Rula, raportere, kalamu ya risasi, na saa ya mkono yenye inaonyesha sekunde. Sekunde zitatumika, utaona ku hatua ya 5.
- Kitabu cha ndege yenyewe, ya namba yenyewe yenye utarusha, si ya ndege ya rafiki yenye inafanana.
- METAR (ripoti ya hali ya hewa ya sasa) na TAF (utabiri) ya Luano, na namba ya simu ya muntu mwenye yuko ku kiwanja cha Kolwezi asubuhi hiyo.
- NOTAM (matangazo kwa bapilote) za safari yote, si za kutokea peke yake.
- Fomu ya plani ya voli.
- Lisansi, cheti cha daktari, karatasi za ndege, na maji ya kunywa.

## Hatua ya 1: Pandisha namba za kitabu ku plato

Hapa njo bengi banaangukia, kwa hiyo tukae hapa kidogo.

Sheria inagawa hewa kwa safu. Toka futi 10,000 juu ya bahari kupanda, unahitaji vizibilite ya kilomita 8, na ukae mbali na wingu mita 1,500 kwa pembeni na futi 1,000 (mita 300) kwa juu ao chini. Chini ya futi 10,000 vizibilite inashuka mpaka kilomita 5, umbali na wingu unabaki ule ule. Halafu iko safu ya chini kabisa: ukiwa ku futi 3,000 juu ya bahari ao chini yake, ao futi 1,000 juu ya udongo ao chini yake, na kati ya hizo mbili ile yenye iko juu zaidi njo inahesabiwa, mu hewa yenye haina kontrole (klasi F na G) inatosha kilomita 5, usiingie wingu, na uone udongo. Mu hewa ya kontrole hata huko chini unashika umbali wa 1,500 na 1,000.

Sasa angalia. Luano iko karibu futi 4,300 juu ya bahari (kama mita 1,310). Kolwezi iko karibu futi 5,000. Ile futi 3,000 ya kitabu iko chini ya udongo wetu, haina kazi hapa. Inabaki paka futi 1,000 juu ya udongo. Maana yake safu ya chini inaishia ku altimetri karibu 5,300 ukiwa Luano na karibu 6,000 ukiwa Kolwezi. Ukipita hapo, hata kama unajiona bado uko chini na unaona bantu ku barabara, uko tayari mu safu ya katikati na wingu unapaswa kuiacha mbali.

Na ile futi 10,000 yenye kwa muntu wa bahari iko mbali sana, kwako iko karibu: ni futi 5,700 tu juu ya Luano, na 5,000 juu ya Kolwezi. Ukipanda mpaka 10,500 ili upate hewa ya baridi, kilomita 5 haitoshi tena, unahitaji 8.

Fanya hivi: kamata karatasi, chora mstari wa udongo toka 4,300 kushoto mpaka 5,000 kulia, juu yake chora mstari wa futi 1,000 juu ya udongo, halafu mstari wa futi 3,000 juu ya udongo (tutauhitaji ku hatua ya 3), halafu mstari wa 10,000. Mistari miwili ya katikati inapanda pamoja na udongo, ule wa 10,000 unabaki sawa.

Umefaulu kama muntu akikuuliza "uko 6,500 juu ya Likasi, safu gani?" unajibu mbele ya kugusa kalkulatri.

## Hatua ya 2: Chagua njia yenye macho inaweza kushika

Toka Luano mpaka Kolwezi moja kwa moja ni karibu maili za baharini 129, mwelekeo wa kama digrii 292. Kupitia Likasi: kipande cha kwanza karibu maili 60 ku digrii 308, cha pili karibu maili 73 ku digrii 280, jumla 133. Unaongeza maili nne tu, dakika mbili na nusu hivi, na unapata barabara ya RN1, reli ya SNCC, mji wa Likasi katikati, na migodi yenye udongo wake mwekundu inaonekana toka mbali. Mimi sioni sababu ya kunyima macho yako hivyo vyote kwa ajili ya dakika mbili, hasa wakati wa kiangazi ambapo mapori yote inafanana.

Digrii hizo ni za kweli, za karte. Rekebisha kwa sumaku na namba yenye karte yako inaandika, halafu rekebisha kwa upepo.

Weka alama kila dakika 10 ya safari na uandike pembeni kitu *kikubwa* chenye utaona hapo: daraja, ziwa, mgodi, makutano ya reli na barabara. Usichague kijiji. Vijiji ni vingi na havina jina lenye linaonekana toka juu.

Ukifuata barabara, kaa kuume kwake ili uione kushoto kwako kwenye rubani anakaa. Mwenye anatoka Kolwezi akifanya vile vile, mutapitana kila muntu na upande wake.

## Hatua ya 3: Altitidi ya kusafiria

Sheria inasema ndege ya VFR yenye inasafiri sawa, ikiwa juu zaidi ya futi 3,000 toka udongo ao maji, inafuata namba za mwelekeo. Njia ya sumaku toka 000 mpaka 179: elfu zisizogawanyika kwa mbili na 500 juu yake (5,500, 7,500, 9,500). Toka 180 mpaka 359: elfu zenye kugawanyika na 500 (6,500, 8,500, 10,500). Sababu yake ni kwamba benye banaenda na benye banarudi batengane kwa futi 1,000.

Kwenda Kolwezi uko 308 na 280, kwa hiyo zenye kugawanyika. 6,500 iko futi 2,200 tu juu ya Luano, sheria haijaanza bado. 8,500 iko futi 4,200 juu ya Luano na 3,500 juu ya Kolwezi. Hiyo njo yako.

Kurudi: 7,500 kutokea Kolwezi iko futi 2,500 juu ya udongo, kisha udongo unashuka taratibu na ukifika karibu na Luano uko 3,200 juu. 9,500 ni safi zaidi, iko mu sheria toka mwanzo mpaka mwisho, na iko chini ya 10,000 kwa hiyo kilomita 5 inatosha. Mimi naweka 9,500 kama wingu inaruhusu.

Angalisho: chini ya futi 3,000 toka udongo hakuna namba ya kukutenganisha na muntu, ni macho tu. Siku ya wingu za chini bote banabanwa mu nafasi moja nyembamba.

Na usisahau kiasi cha chini kabisa: juu ya mji, futi 1,000 juu ya kitu kirefu kuliko vyote mu duara la mita 600, fasi zingine, futi 500 juu ya udongo ao maji. Ku Lubumbashi, cheminée ya Gécamines (kampuni ya migodi) iko na urefu wa karibu mita 150, kama futi 500, na udongo wa mji uko karibu 4,000. Jumlisha: 4,000 na 500 na 1,000, ni 5,500 ku altimetri kwa kupita pale, na mimi naongeza kidogo.

## Hatua ya 4: Soma meteo kwa akili ya plato

Mfano nimeutunga, lakini unafanana na asubuhi ya mwezi wa nane:

FZQA 140600Z 12006KT 4000 FU NSC 17/06 Q1020

Tarehe 14, saa 06:00 UTC, ni saa 08:00 ya Lubumbashi (sisi tuko saa mbili mbele ya UTC, Kinshasa saa moja, usichanganye ukipiga simu huko). Upepo toka digrii 120, noti 6 (maili za baharini kwa saa). Vizibilite mita 4,000. FU ni moshi. NSC, hakuna wingu ya maana. Joto 17, Q1020 ni QNH, presha ya hewa yenye unaweka ku altimetri ili isome urefu juu ya bahari.

Mwanafunzi anaona NSC anaandika "safi, tunaenda". Hapana. Mita 4,000 ni chini ya 5,000. VFR ya kawaida haiko, hata kama jua linawaka na juu ya kichwa kuko bluu. Wakati wa kiangazi bantu banachoma pori na mashamba, na asubuhi mapema moshi unalala chini kwa sababu hewa ya baridi imebanwa na hewa ya moto juu yake. Ngoja jua lipashe udongo, masaa mawili ao matatu, halafu uliza tena. Wakati mwingine inafunguka, wakati mwingine inakuwa vile siku nzima.

Wakati wa mvua shida inageuka. Sema unasoma BKN030 (BKN ni wingu yenye kufunika zaidi ya nusu ya mbingu). Hiyo 030 ni futi 3,000 juu ya kiwanja, si juu ya bahari. Altimetri yako yenye QNH inahesabu toka bahari. Kwa hiyo chini ya wingu ni 4,300 na 3,000, sawa na 7,300. Toa 1,000 ya kukaa mbali na wingu, unabaki na 6,300. Ile 8,500 yako imekufa, utasafiri 6,300 ao chini yake.

Sasa peleka ile ile wingu mpaka Kolwezi. Kama chini yake inabaki 7,300, na udongo umepanda mpaka 5,000, ile 6,300 yako iko futi 1,300 tu toka udongo. Wingu haijashuka hata kidogo, udongo njo umepanda kukufuata. Bapilote banakufa hivi mu milima ya dunia nzima, plafoni (urefu wa chini ya wingu) ilikuwa nzuri kwenye walitokea.

Kingine: mu eneo la kontrole la kiwanja, huruhusiwi kutokea wala kutua VFR kama plafoni iko chini ya futi 1,500 ao vizibilite ya udongo iko chini ya kilomita 5, isipokuwa kontrole ikupe ruhusa ya VFR ya pekee. Ruhusa hiyo ina mtego. Inaweza kukutoa na vizibilite ya chini, hata karibu na mita 1,500, lakini inaishia ku mpaka wa eneo. Ukivuka mpaka, unahitaji tena kilomita 5 zako, na kontrole haiwezi kukupatia huko. Kama huna hakika kwamba nje kuko wazi, usiombe.

Umefaulu kama umeandika namba tatu ku karatasi: plafoni juu ya bahari, altitidi ya juu kabisa yenye wingu inakuachia, na futi zenye zitabaki chini yako Kolwezi. Kama ya tatu iko chini ya 1,500 mimi ninabaki nyumbani, hata kama sheria inaniruhusu.

## Hatua ya 5: Pima vizibilite na macho yako mwenyewe

METAR ni ya Luano, haijui moshi wenye uko katikati ya njia ya Likasi.

Mbele ya kupanda: toka Luano tafuta cheminée ya Gécamines. Iko mbali zaidi ya kilomita 5. Ukiiona na kona zake safi, umepita kiasi. Ukiona kivuli tu, ao hauoni kitu na unajua iko upande gani, basi jibu umepata.

Mu hewa: hapa saa ya sekunde. Noti 100 ni kama kilomita 3 kwa dakika. Kitu kikubwa mbele, daraja ao mgodi, ile sekunde unakiona mara ya kwanza, anza kuhesabu mpaka ukipite. Kilomita 5 ni sekunde 97 hivi. Kilomita 8 ni karibu sekunde 155. Ukikipita ku sekunde 70, uko chini ya kiasi, haijalishi METAR ilisema nini. Ni kama hivyo kwa wingu: mita 1,500 ni sekunde 29 ku noti 100. Jizoeze siku ya hewa nzuri na mwalimu, macho inajifunza haraka sana ukiipatia kipimo.

Angalisho: kuangalia chini wima kunadanganya. Unaona udongo chini yako safi kabisa unajisikia salama, lakini vizibilite ya sheria ni ya mbele.

## Hatua ya 6: Joto, moteri na mafuta

Mwezi wa kumi joto inafika digrii 32. Ku futi 4,300 joto ya kawaida ya hesabu ni kama 6 na nusu. Umezidisha digrii 25, kila digrii inaongeza karibu futi 120, kwa hiyo ndege yako inajisikia iko karibu futi 7,300 na bado magurudumu iko ku lami ya Luano. Pisti ya Luano ina zaidi ya kilomita 3, itakusamehe, kwa hiyo bengi hawafungui ukurasa wa kupanda mu kitabu. Fungua. Shida si kutokea, ni kupanda pole pole juu ya miti kisha kutua na kutokea tena ku pisti yenye haiko ndefu vile.

Moteri ya kabureta ku altitidi yetu, ukiiachia mchanganyiko wote wa esanse, inapoteza nguvu. Kitabu cha ndege nyingi kinasema punguza mchanganyiko mbele ya kutokea kama kiwanja kiko juu ya futi 3,000. Fuata kitabu chako.

Mafuta: sheria ya VFR mchana inaomba ufike na ubaki na dakika 30. Usiku ni 45. Lakini avgas (esanse ya ndege) haipatikani kila fasi, kwa hiyo mimi nahesabu kwenda na kurudi. Ndege ya noti 100 na litri 35 kwa saa: kwenda dakika 80, litri 47. Kurudi wakati wa kiangazi upepo unatoka kusini mashariki, unakupiga usoni, na noti 15 za upepo dakika 80 inakuwa 94, litri 55. Kutembea chini na kupanda, 8. Akiba, 18. Jumla 128, kama kilo 92. Halafu pima uzito wa ndege na bantu tena, sababu sasa tank karibu zimejaa na rafiki yako wa nyuma ana mifuko.

## Hatua ya 7: Plani ya voli

Hii ni fupi. Ku fasi ya aina ya sheria andika V. Saa zote UTC. Muda wa mafuta na idadi ya bantu ni kwa ajili ya benye batakutafuta, kwa hiyo andika ukweli. Peleka dakika 60 mbele ya kutokea kama utapewa kontrole, na Luano iko na kontrole. Jua linazama hapa kati ya saa 17:50 na 18:45 hivi, kufuata mwezi, na giza inafika haraka. Panga kutua saa moja mbele yake, sababu VFR ya usiku ina masharti yake na pisti nyingi za huku hazina taa.

## Hatua ya 8: Mu hewa

Weka QNH ya Luano na uhakikishe altimetri inasoma karibu 4,300 mbele ya kutembea. Kama inasoma futi 100 tofauti, usiruke mpaka ujue kwa nini.

Macho nje. Gawa mbingu vipande vya digrii 10, simamisha macho kwa kila kipande, kwa sababu macho yenye inakimbia haioni kitu kidogo chenye kimesimama kwenye kioo. Na ndege yenye haisogei kwenye kioo chako lakini inakuwa kubwa, hiyo njo iko njia moja na wewe.

Nani anapisha: munakutana uso kwa uso, kila muntu anageuka kuume. Njia zinakatana, mwenye anaona mwenzake kuume kwake njo anapisha. Unampita mwenye yuko mbele, pitia kuume kwake.

Kila dakika 10: fasi, saa, mafuta, altimetri, vizibilite kwa sekunde, na swali moja, nyuma yangu bado kuko wazi? Geuka uangalie kweli. Moshi na mvua inaweza kufunga mlango wa nyuma wakati macho yako yote iko mbele.

Radio ikikufa na hewa ni nzuri: baki mu hewa ya kuona, weka 7600 ku transponda (chombo chenye kinajibu rada), tua ku kiwanja cha karibu chenye kinafaa na ujulishe kontrole umefika. Mwanga wa kijani usiowakawaka toka mnara ni ruhusa ya kutua, nyekundu isiyowakawaka ni pisha wengine uendelee kuzunguka, nyekundu ya kuwakawaka ni usitue, kiwanja si salama.

## Hatua ya 9: Kugeuka

Amua mbele ya kutokea, kwa maandishi, ni wapi utageuka. Kwa mfano: sekunde chini ya 97 mara mbili zikifuatana, narudi. Ao: nimeshuka chini ya futi 1,500 toka udongo kwa kukimbia wingu, narudi. Ukiamua mu hewa tu, hamu ya kufika itakuamulia.

Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, walijaribu bantu 20 benye hawakufundishwa kuruka kwa vyombo, wakawapa hali ya wingu. Bote walishindwa kuongoza ndege, na wastani ilikuwa sekunde 178. Chini ya dakika tatu. Sikio la ndani linakuambia uko sawa wakati bawa limeinama, na hakuna ujasiri wenye unashinda hilo.

Kugeuka kwenyewe: angalia mwelekeo wako, ongeza ao toa 180, inamisha bawa digrii 15 tu, dakika moja, macho ku vyombo kama umeshagusa wingu, usipande wala usishuke. Ukitoka nje, mwambie kontrole unarudi. Haiulizwi sababu zaidi ya neno meteo.

Umefaulu kama umegeuka wakati bado unaona. Kugeuka ndani ya wingu ni kujiokoa, si kupanga.

## Hatua ya 10: Kutua na kufunga plani

Ingia mzunguko wa Kolwezi ukiwa tayari umeshuka. Kumbuka udongo uko 5,000: futi 1,000 ya mzunguko ni 6,000 ku altimetri, na banafunzi benye bamezoea 5,300 ya Luano banashuka mpaka pale kwa mazoea, wanajikuta futi 300 juu ya nyumba za bantu.

Ukisimamisha moteri andika saa, soma mafuta yenye imebaki na uilinganishe na hesabu yako. Tofauti ya zaidi ya litri 10 inaomba kuelezwa mbele ya kurudi.

Halafu piga simu ufunge plani. Ndege yenye haijafika dakika 30 nyuma ya saa yake inaanza kutafutwa, na bantu bale bale benye banakutafuta wewe wenye unakunywa chai kivulini njo bangetafuta mwingine mwenye ameanguka kweli. Kama uligeukia Likasi, ao ulirudi Luano, piga Kolwezi pia, sababu huko njo banakungojea.